Nyumba Imejaa Vitu: Nianzie Wapi Bila Kugombana na Mume Wangu?

Swali: Nimeolewa kwa miaka 12 na tuna watoto watatu. Mama mkwe wangu alihamia kwetu miaka mitatu iliyopita, baada ya baba mkwe kufariki, na alikuja na vitu vyake vyote. Kila baada ya miezi michache hutenga siku nzima nikapanga nyumba hadi usiku, lakini wiki tatu haziishi kabla mrundikano haujarudi. Mume wangu hataki kitu chochote kitolewe; husema akiba haiozi. Mara ya mwisho nilitoa mfuko wa nguo na vifaa vyake ambavyo alikuwa havigusi, naye akakaa siku mbili bila kunisemesha. Nikirudi jioni na kufungua mlango, nahisi kifua kinabana. Nianzie wapi, na nifanyeje ili nyumba itulie bila ugomvi?

Jibu: Dada mpendwa, nakushukuru kwa kuandika kwa uwazi, hasa kuhusu ule mfuko, kwa kuwa hapo ndipo nilipoona kiini cha tatizo lako. Umeuliza uanzie wapi, na jibu langu ni kwamba uanze kwa kumwomba mumeo radhi. Sisemi hivyo kwa sababu nguo zile zilikuwa na thamani kubwa, wala kwa sababu wewe huna haki ya kuishi mahali penye nafasi. Nasema hivyo kwa sababu tangu siku ile, kila unaposhika kitu chake, anaona kwamba huenda kikatoweka, na mtu mwenye wasiwasi huo hushikilia hata vitu ambavyo angevitoa mwenyewe kwa hiari. Wasiwasi huo usipoondoka, hakuna mbinu ya kupanga kabati itakayokufaa.

Kuhusu kifua kubana, tafadhali usijione dhaifu. Mwaka 2010 watafiti Darby Saxbe na Rena Repetti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti kuhusu wanandoa 30 ambao mume na mke wote walikuwa na ajira. Waliwaomba wapite ndani ya nyumba zao wakiwa na kamera, wakieleza kwa maneno yao wanachokiona, kisha wakapima kwenye mate yao kiwango cha kortisoli, homoni inayohusiana na msongo, ambayo kwa kawaida huwa juu asubuhi na kushuka taratibu kuelekea usiku. Wanawake walioeleza nyumba zao kuwa zimejaa vitu na kazi zisizokwisha walikuwa na kortisoli isiyoshuka kama ilivyotarajiwa, na mioyo yao ilizidi kuwa mizito kadiri siku ilivyosonga. Kwa waume zao jambo hilo halikujitokeza kwa uzito huohuo. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba vitu vyenyewe ndivyo vilivyosababisha hali hiyo, lakini unaeleza jambo ambalo nimeliona mara nyingi katika kazi yangu ya sayansi kimu: mume na mke huketi sebule moja, mmoja akaona sebule, mwingine akaona kazi kumi zinazomsubiri. Mumeo akikuambia kwamba haoni tatizo, yamkini anasema kweli kabisa.

Macho nayo yana sehemu yao. Stephanie McMains na Sabine Kastner wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha mwaka 2011 kwamba vitu vingi vikiwa mbele ya macho kwa pamoja hushindania nafasi katika sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona, na ubongo hulazimika kufanya kazi ya ziada ili kukitenga kile kimoja unachokitaka. Ndiyo maana mtu anaweza kuchoka akiwa ameketi tu katika chumba kilichosheheni, na ndiyo maana pia meza moja iliyo tupu huleta nafuu isiyolingana na udogo wake. Nitairudia meza hiyo baadaye.

Sasa tuzungumzie kwa nini mrundikano hurudi baada ya wiki tatu. Nikisoma maelezo yako, naona kwamba siku ile unayoitenga huitumia kupanga, si kupunguza. Katika viwanda vya Japani kuna utaratibu wa kazi unaojulikana kwa jina la 5S, kutokana na maneno matano ya Kijapani yanayoanza kwa herufi hiyo. La kwanza ni seiri, yaani kutenganisha kinachohitajika na kisichohitajika, na la pili ni seiton, yaani kukipa kila kilichobaki mahali pake. Mfuatano huo haukuwekwa kwa bahati. Anayeanza na la pili huvipangia makazi mazuri vitu ambavyo havikupaswa kuwapo, na nafasi ikishajaa, kitu kipya cha kwanza kuingia nyumbani hukosa pa kukaa, kikawekwa mezani, na kingine kikaja juu yake. Kwa sababu hiyo nakuomba usinunue sanduku, rafu wala kikapu chochote cha kuhifadhia vitu hadi utakapomaliza kupunguza. Nimeingia katika nyumba nyingi ambamo maboksi ya plastiki yaliyonunuliwa ili kuondoa mrundikano yalikuwa yenyewe sehemu kubwa ya mrundikano.

Hata hivyo, kupunguza hakuwezekani iwapo haijulikani nani mwenye kauli. Hili ndilo jambo ambalo ningependa ulichukue kuliko mengine yote katika barua hii. Utakapopita katika nyumba yako leo jioni, usijiulize kama kitu hiki kinafaa au hakifai. Jiulize ni cha nani. Utaona kwamba vitu vilivyo na mwenyewe anayevijali havileti shida sana: daftari la mtoto analolitumia kesho, miwani ya mama, viatu vyako vya kazini. Shida kubwa iko katika vitu visivyo na mwenyewe: waya ambao hakuna anayekumbuka ulitoka katika kifaa gani, funguo zisizo na kufuli, zawadi iliyoletwa kwa familia nzima na hivyo haikuletwa kwa yeyote, mashine iliyoharibika ambayo kila mmoja anadhani mwenzake ataipeleka kwa fundi, nguo zilizomkaa ndogo mtoto mkubwa zikisubiri mdogo ambaye naye ameshazipita. Vitu hivyo hubaki kwa sababu hakuna mwenye mamlaka ya kusema viondoke, na hakuna anayeona aibu kwamba vipo. Ugomvi, kwa upande wake, hutokea kinyume chake, pale ambapo kitu kina mwenyewe na mtu mwingine akakiamulia.

Kwa hiyo kanuni yangu kwa familia ninazozisaidia ni moja, na naishikilia hata pale inapochelewesha kazi: hakuna anayetoa kitu cha mwenzake, hata kama ni chakavu, hata kama kimekaa miaka kumi bila kuguswa. Vya kwako utaviamua peke yako. Vya mumeo ataviamua yeye, na vya mama ataviamua yeye. Visivyo na mwenyewe mtavikusanya mahali pamoja na kuviamua mkiwa wote, jioni moja, kila kitu kikipewa mwenyewe au ruhusa ya kuondoka. Mtoto wa miaka saba anaweza kusema, “Hiki ni changu,” lakini akisema hivyo akubali kukitunza katika nafasi yake.

Mume anayesema akiba haiozi hajakosea, na ukianza kwa kumpinga utakuwa umeshindwa. Akiba ni busara. Ila akiba ina sifa mbili: unajua kwamba unayo, na unaweza kuifikia unapoihitaji. Bisibisi tatu zilizozikwa chini ya maboksi, huku mkinunua ya nne kwa kuwa hakuna aliyeziona, zimekwisha kuacha kuwa akiba. Mweleze hivyo kwa upole, na ikiwezekana umwoneshe mfano wa kitu mlichokinunua mara mbili, bila kumlaumu, kwa sababu huenda aliyenunua mara ya pili ulikuwa wewe.

Itakusaidia pia kujua kwamba ugumu wa kuachia vitu si ukaidi wa mumeo peke yake. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler waliripoti majaribio ambamo waliwagawia baadhi ya washiriki vikombe vya kawaida, kisha wakawauliza wangeviuza kwa bei gani, na wale wasiopewa wakaulizwa wangenunua kwa bei gani. Waliopewa walitaka takribani mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa, ingawa vikombe vilikuwa mikononi mwao kwa muda mfupi tu. Kitu kikishakuwa chetu, kukitoa huhesabiwa moyoni kama hasara, na hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiwango hichohicho inavyomfurahisha. Ikiwa kikombe cha dakika chache kinamfunga mtu namna hiyo, fikiria koti alilolivaa siku ya kwanza ya kazi.

Kwa msingi huo, swali la “Tukitoe?” ni baya, kwa sababu linamwalika mtu ahesabu hasara. Lililo bora ni hili: “Kama kisingekuwa chetu, na tukikiona leo mahali fulani, tungekileta nyumbani?” Swali hilo humweka mtu upande wa mnunuzi, na mara nyingi hujibu mwenyewe akitabasamu. Lingine linalofaa ni kumuuliza angependa nani akitumie. Watu wengi wanaokataa kabisa kutupa hawakatai kumpa mtu mwenye uhitaji, kwa kuwa kinachowauma ni kuona kitu kizima kikiharibika. Jueni mapema vitu vitakwenda kwa nani au kituo gani, na kwamba vinahitajika kweli huko, maana kumpelekea mtu kilichovunjika ni kumhamishia mzigo tu.

Baada ya kuomba radhi, nenda kwenye njia: mlango wa mbele, ukumbi, nafasi kati ya kitanda na mlango, sehemu ya kufikia dirisha. Usianze na stoo, ingawa najua ndiyo inayokusumbua akilini, kwa sababu stoo ni kubwa, haionekani na wageni wala wenyeji, na imejaa vitu vyenye historia. Utafanya kazi ya siku mbili na hakuna atakayeona tofauti. Njia huonekana siku hiyohiyo. Katika elimu ya kale ya Kichina ya feng shui, jina ambalo maana yake ni upepo na maji, mlango wa nyumba hupewa uzito mkubwa na hutakiwa usizibwe. Mtu si lazima akubali mafundisho yake yote ili akubali kwamba nyumba unayoingia kwa kuruka viatu na mifuko imekuchosha kabla hujaketi. Kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Shirika la Afya Duniani linataja kuanguka kuwa chanzo cha pili duniani cha vifo vinavyotokana na majeraha ya ajali, likikadiria watu 684,000 kwa mwaka, na wanaokufa zaidi kwa kuanguka ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Wewe unaishi na mama mkwe. Waya uliokatiza ukumbi, zulia lililokunjika, na boksi lililo kati ya kitanda chake na choo ni vitu vya kuondoa leo, kabla ya nguo, kabla ya karatasi, kabla ya kitu kingine chochote. Na moto ukitokea, njia hiyohiyo ndiyo ya kutokea.

Baada ya njia, fanyia kazi vitu vyako mwenyewe, na uvifanyie kwa haki. Nimewahi kukutana na watu wanaolalamikia vitu vya wenzao ilhali nguo zao zimejaza kabati mbili. Mumeo akiona wiki nzima unachambua vyako tu, bila kumgusia neno, yeye mwenyewe huenda akaja na kitu mkononi. Usimhimize. Mshukuru, na uendelee na kazi yako.

Namna ya kufanya ni hivi. Badala ya siku nzima, tenga muda wa dakika 30 hadi 40, na badala ya chumba, chagua droo moja au rafu moja. Toa kila kitu kilichomo, kwa sababu kitu kikiwa mahali pake pa siku zote macho huwa yameshakizoea na hayakioni. Futa vumbi. Kisha shika kimoja kimoja na ukiamue: kinabaki hapa, kina mahali pengine ndani ya nyumba, kinatoka, au sijui. Kile cha mahali pengine usikipeleke papo hapo, maana ukifika huko utaanza kazi nyingine na droo itabaki mdomo wazi. Kiweke pembeni, uvipeleke vyote mwishoni. Vinavyotoka vitoke nje ya nyumba siku hiyo au kesho yake. Mfuko wa vitu vya kutoa uliokaa nyuma ya mlango kwa mwezi mzima hufunguliwa, na vilivyomo hurudi kimoja kimoja.

Kundi la “sijui” ni halali kabisa, na watu hulikosea kwa kulilazimisha. Tia vitu hivyo katika boksi moja, lifunge, uandike juu yake tarehe ya leo na tarehe ya miezi sita ijayo. Aliye na kitu humo ana ruhusa ya kulifungua wakati wowote na kukichukua. Tarehe ikifika, kilichobaki mkizungumze tena. Kwa kawaida mazungumzo ya mara ya pili huwa mafupi sana, kwa kuwa mtu amekwisha kujionea kwamba ameishi nusu mwaka bila kitu kile. Njia hii humfaa sana mume anayesema huenda kikahitajika, kwa sababu haimwombi akubaliane na wewe, bali inauachia muda useme. Ila liwe boksi moja tu.

Karatasi zina tabia ya peke yake. Hujilimbikiza kwa kuwa kila moja inadai isomwe kabla ya kuamuliwa, na hakuna anayetaka kusoma stakabadhi 200 usiku. Anza kwa kutoa zile zisizoweza kupatikana tena kwa urahisi, yaani vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, hati za nyumba au ardhi, vyeti vya shule, kumbukumbu za matibabu na mikataba ambayo bado inaendelea, na uziweke pamoja katika mfuko usiopitisha maji, mahali ambapo watu wazima wote wa nyumba wanapajua. Zilizobaki ndizo nyingi, na nyingi kati yake ni risiti zilizofifia, maelekezo ya vifaa ambavyo hamnavyo tena, na bahasha. Karatasi zenye namba za akaunti au taarifa binafsi zichanwe vipande vidogo kabla ya kutupwa. Msizihifadhi karatasi zinazobaki zikigusa ukuta au sakafu yenye unyevu, kwani kuvu hupenda mahali hapo, na boksi zima linaweza kuharibika bila mtu kujua.

Nguo na vyombo ni rahisi zaidi, na sitavizungumzia sana: nguo isiyomtosha aliyenayo leo haina mwenyewe, na kifuniko kisicho na chombo chake hakina kazi. Kuna vitu vichache, hata hivyo, ambavyo havipaswi kuingia katika mfuko wa kawaida wa taka. Dawa zilizopita muda wake ziulizwe katika duka la dawa kama zinapokelewa, badala ya kumwagwa chooni au kuachwa mahali ambapo mtoto anaweza kuzifikia. Betri za lithiamu, kama zile za simu na kompyuta, zinaweza kuwaka moto zikitobolewa au kugandamizwa, kwa hiyo zitengwe na zipelekwe panapopokelewa taka za kielektroniki. Simu na kompyuta za zamani zifutwe taarifa kwanza.

Kwa watoto ningekushauri uwape mipaka badala ya amri. Mpe kila mmoja rafu au boksi moja la vitu vya kuchezea, na umwambie kwamba kinachoenea humo kinabaki, na yeye ndiye atakayechagua. Mtoto anayeambiwa achague vitu vya kutupa hulia. Anayeambiwa achague anavyovipenda zaidi hufurahia kazi hiyo, ingawa matokeo ni yaleyale. Usitoe vitu vyake akiwa shuleni. Huo ni ule mfuko wa mumeo kwa umbo jingine, na mtoto naye hukumbuka.

Nimemwacha mama mkwe hadi hapa kwa makusudi, kwa kuwa ndiye anayehitaji subira kubwa kuliko wote. Mwanamke aliyefiwa na mume, akahama nyumba aliyokuwa mwenyewe ndani yake, akaja kuishi kwa mwanawe, amepoteza mengi kwa mkupuo mmoja, na vitu alivyokuja navyo ndivyo ushahidi uliobaki kwamba alikuwa na nyumba yake. Wewe unaona maboksi. Yeye anaona miaka. Kwa hiyo usimwendee ukiwa na mfuko wa taka. Mwendee ukiwa na muda. Kaeni wawili, fungueni boksi moja tu, na umwombe akueleze kila kitu kilitoka wapi. Huenda siku ya kwanza hakuna hata kitu kimoja kitakachotoka, na hiyo si siku iliyopotea, kwa sababu mara nyingi anachoogopa mtu wa umri wake ni kwamba kitu kikiondoka na habari yake itaondoka, na hakuna atakayejua.

Hapo picha zina msaada wa kweli. Mwaka 2017 Karen Winterich, Rebecca Reczek na Julie Irwin walichapisha utafiti uliojumuisha zoezi la kukusanya michango ya vitu katika mabweni ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania. Katika baadhi ya mabweni wanafunzi walihimizwa tu kutoa vitu wasivyovitumia. Katika mengine walihimizwa kwanza kupiga picha vile vyenye kumbukumbu kwao, kisha wavitoe. Mabweni ya kundi la pili yalitoa vitu 613, na ya kundi la kwanza 533. Kilichowazuia watu, kwa sehemu fulani, kilikuwa ni hofu ya kupoteza kumbukumbu, na picha iliwapa mahali pa kuiweka. Kwa mama mkwe ningeongeza sauti: mjukuu mmoja ashike simu na kumrekodi bibi yake akisimulia. Vitu vichache vilivyo bora kabisa vitolewe ndani ya maboksi na viwekwe sebuleni, mahali pa heshima, vionekane. Nimeona mara kadhaa kwamba kitu kimoja cha marehemu kikipewa nafasi hiyo, mwenyewe huachia vingine kumi bila kuombwa. Lakini hata asipoachia, chumba chake ni chake, maadamu njia ya kutembea iko wazi.

Ili hali isirudi, nyumba inahitaji tabia ndogo ambayo haitegemei nguvu zako peke yako. Chagueni dakika kumi kila jioni, zifungwe kwenye jambo ambalo tayari mnalifanya, kwa mfano mara baada ya kula, na kila mmoja akusanye vilivyo vyake kutoka sehemu za wote. Msitarajie izoeleke upesi. Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London, University College, waliwafuatilia watu waliokuwa wakijijengea tabia mpya, na wakaona kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 hadi tendo lifanyike bila kujilazimisha, huku wengine wakihitaji siku 18 tu na wengine wakikadiriwa kuhitaji siku 254. Katika utafiti huohuo, kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Kwa hiyo jioni mtakayoshindwa, lala, na uendelee kesho. Angalieni pia mlango wa kuingilia vitu, kwa kuwa ni kazi bure kupunguza huku mkipokea kila kinachotolewa bure, kila kilichoshushwa bei, na kila mnachoombwa mkitunze kwa muda mfupi na watu ambao hawarudi kukichukua.

Lazima niseme neno moja kuhusu hali iliyo tofauti na yenu. Kuna ugonjwa wa kulimbikiza vitu, uliotambuliwa kuwa ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani mwaka 2013, na baadaye katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dalili yake si kupenda vitu tu. Mgonjwa hupata dhiki kubwa anapotakiwa kuachana na kitu chochote, bila kujali thamani yake, hadi vyumba vinashindwa kutumika kwa kazi yake: kitanda hakilaliki, jiko halipikiki. Mtu wa namna hiyo huhitaji mtaalamu wa afya ya akili, na kumsafishia nyumba kwa nguvu humuumiza bila kumponya. Katika uliyoniandikia sioni dalili hizo kwa mumeo wala kwa mama, na nakuomba usiwapachike jina hilo wakati wa hasira.

Nilisema nitairudia meza. Baada ya kumwomba mumeo radhi, usimpe mpango wote huu. Mwombe kitu kimoja tu, kwamba meza ya sebuleni iwe tupu kila usiku kabla ya kulala, na kwamba vyake vilivyopo juu yake avihamishe yeye mwenyewe, apeleke atakakopenda. Akisema atavihamishia chumbani, kubali. Akisema nusu tu, kubali nusu, na wewe uondoe vyako vyote. Usifuate alikovipeleka, na kwa mwezi wa kwanza usimwombe jambo la pili.